Tepu Iliyovunjikia Moding

Josiah Onyuka alizikwa kwao Sigalame mwezi wa Agosti mwaka wa 1999, na kila aliyeshika kipaza sauti siku ile aliitaja mashine. Madereva wa matrela walikuja kutoka Malaba kwa pikapu mbili. Mmoja wao, Mganda mnene aliyevaa koti la suti juu ya kanzu, alisema kwamba tangu Mombasa mpaka Kigali hajaona fundi mwingine awezaye kutoa chuma ndani ya chuma bila nyundo wala tindo. Watu wakapiga makofi. Mjane wake, Roselida, hakupiga. Alijua kwamba kama marehemu angeweza kuinuka pale, angeinamisha kichwa kama alivyokiinamisha kila mashine ile iliposifiwa, na angesema maneno yake yale yale: "Waulize watu wa Moding ilitoka wapi."

Wengi hawakuuliza. Lakini yeye mwenyewe, wiki mbili kabla Mungu hajamchukua, aliomba mambo yaelezwe kama yalivyokuwa, yasipakwe rangi. Basi yalikuwa hivi.

Onyuka alijifunza ufundi Jinja akiwa kijana, katika karakana moja kubwa ya vyuma, akarudi Kenya hali ya kule ilipoharibika. Alifungua karakana ya mabati Malaba, karibu na pale matrela yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Alikuwa Msamia mwembamba, mcheshi, na mwenye majivuno kidogo. Mtu akimuuliza jambo gumu alianza kujibu kwa kusema, "Sisi tuliosomea Jinja..." Mkewe alizoea kummalizia: "...hatukusomea kunyamaza."

Alikuwa na desturi moja ambayo ilimpa jina zuri pande zile. Mafundi wa barabarani walikuwa wakisema wamebadilisha kipuri kumbe wamekipangusa tu. Onyuka hakufanya hivyo. Kazi ikiisha, alichukua kilichovunjika au kilichochakaa, akakifuta mafuta, akakitia mkononi mwa mwenye mali. "Cha zamani hiki," angesema. "Nenda ukakizike mwenyewe." Watu walizoea hivyo hata wakawa, kabla ya kuulizia bei, wananyosha mkono.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1994 aliitwa Moding. Akina mama wa kanisa dogo la mabati kule walikuwa na mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya dizeli. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Atyang, mjane mrefu asiyecheka ovyo. Aliyeiendesha mashine na kukaa na ufunguo alikuwa Odeke, Mteso wa makamo ambaye Jumapili ndiye aliyepiga ngoma ya kanisa. Bolti moja ya kushikilia kichwa cha injini ilikuwa imekula njia yake, yaani ile mifereji ya mzunguko inayoishika, inazunguka tu bila kukaza. Odeke ndiye aliyesema aitwe Onyuka. "Huyo hatatudanganya," aliwaambia akina mama. "Huyo anakupa cha zamani mkononi."

Onyuka alipanda bodaboda ya baiskeli na sanduku lake la vyombo mapajani. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kupanua tundu kidogo, kulichonga njia mpya kwa tepu, yaani kile chuma kigumu chenye meno, kisha kutia bolti nene zaidi. Lakini tepu inataka subira. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, halafu tena. Siku hiyo alikuwa amemwacha dereva Malaba akimngoja, foleni inasogea, naye alikuwa ameahidi kurudi kabla ya saa sita. Zaidi ya hapo, wanawake kama kumi na tano walikuwa wamekaa juu ya magunia yao ya mahindi wakimtazama, na alikuwa amekwisha kuwaambia, "Saa moja tu, mama zangu, mtakuwa mnasaga. Sisi tuliosomea Jinja hatuchelewi."

Akaacha kurudisha nyuma. Akasukuma mbele tu. Tepu ikavunjika.

Ilitoa mlio mdogo, kama mfupa wa kuku unapovunjwa mezani. Ilivunjikia ndani kabisa, chini ya uso wa chuma, mahali ambapo hakuna koleo la kufika. Odeke alikuwa ameenda kuteka maji ya injini. Wanawake walikuwa wakizungumza. Hakuna aliyejua ila yeye na Mungu.

Kuvunja tepu si dhambi. Hakuna fundi ambaye hajavunja. Angeinuka tu aseme, "Mama, nimevunja, nipeni muda," na habari ingeishia hapo, pengine kwa kicheko. Lakini aliona haya. Aliona haya ya dakika moja, na kwa kuikimbia hiyo akaingia katika nyingine ambayo haikumwacha tena. Alichukua ile bolti mpya, akaikata kwa msumeno ikabaki kipande kifupi, akakipaka gundi ya chuma, akakipachika juu ya tepu iliyovunjika, kisha akafunga nati kwa vidole. Kwa nje ilionekana nzima kama wenzake. Bolti nyingine akazikaza zaidi ili zibebe mzigo wake. Halafu akaifuta ile bolti iliyochakaa akamtilia Mama Atyang mkononi.

"Cha zamani hiki, mama."

"Mungu akubariki, fundi," akasema, akaifunga katika pembe ya leso.

Injini ilizunguka wiki tatu. Wiki ya nne gasketi, kizibo cha chini ya kichwa cha injini, ikapasuka upande ule, maji yakaingia mahali pa moto, injini ikazima kwa mvuke na kelele. Walipofungua kichwa, kipande kifupi cha bolti kilianguka chini chenyewe. Mtu akakiokota. Bolti ya kweli iko wapi? Nani mwenye ufunguo wa chumba cha mashine? Kabla jua halijatua, Moding nzima ilikuwa na jibu: Odeke ameuza bolti ya kanisa akaweka kisiki.

Injini waliileta kwa Onyuka juu ya pikapu. Mama Atyang alishuka mbele, Odeke akashuka nyuma pamoja na injini. Yule mama alikuwa na kile kisiki kiganjani.

"Fundi, sisi si mafundi," alisema. "Nijibu neno moja tu. Wewe ulipofunga, bolti hii ilikuwa nzima?"

Onyuka alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono haikuwa na mafuta.

"Nilipofunga, ilikuwa nzima."

Odeke hakubisha. Alimtazama tu bila hasira, kama mtu aliyepewa habari ya msiba akawa bado hajaelewa aliyekufa ni nani. Kisha akasema polepole, "Basi kuna mtu ana ufunguo wa pili. Mimi sikuigusa, mama. Lakini kama boss anasema ilikuwa nzima, ilikuwa nzima."

Hilo ndilo lililomuua Onyuka moyoni. Yule mtu alimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Jumapili iliyofuata jina la Odeke lilisomwa mbele ya kanisa. Akatakiwa kurudisha ufunguo, na asiguse ngoma mpaka jambo lijulikane. Alitoka mstari wa mbele akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, pamoja na wageni.

Onyuka alijaribu kuitoboa ile tepu kwa drili. Drili tatu zikawa butu moja baada ya nyingine, kwa maana tepu ni ngumu kama drili yenyewe. Akajaribu tindo, akaogopa kupasua injini. Injini nyingine ya namna ile haikupatikana Busia wala Kampala. Hapo ndipo alipokumbuka kitu alichokiona Jinja miaka ishirini na kitu iliyopita: mashine iliyokula chuma kwa cheche za umeme. Fimbo laini ya shaba inashushwa ndani ya mafuta mpaka ikaribie kugusa chuma kigumu. Cheche inaruka, inang'oa chembe. Inaruka tena, inang'oa chembe nyingine. Haijali ugumu. Kule Jinja hakuruhusiwa hata kuigusa.

Akasema moyoni, nitaijenga. Nikiitoa tepu na mashine ikisaga tena, watu watasahau. Ndivyo alivyojidanganya, na aliomba Mungu ambariki katika hilo, jambo ambalo baadaye lilimtia haya kuliko yote.

Alichukua mashine ya kuchomelea iliyoungua akaisuka upya nyaya zake ili itoe umeme mdogo. Akang'oa dayodi, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, katika oltaneta za malori zinazochaji betri. Alihitaji kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme na kuutema kwa mara moja, na akazunguka sokoni Busia akinunua redio na vikuza sauti vilivyokufa ili avipasue. Kati ya umeme na vile vikopo aliweka balbu sita za nyumbani, zipunguze kasi. Balbu hizo zikawa macho yake: zikiwaka hafifu na kupepesa, cheche zinakula, zikiwaka kwa nguvu, fimbo imegusa na kuganda.

Na iliganda. Mwezi mzima iliganda. Alikuwa akiamka alfajiri, kabla wachomeleaji wengine hawajaanza kuvuta umeme wa mji, akakaa na sahani ya mafuta ya taa na tupa kuukuu ya kujaribia, na balbu zikawaka zote sita kama za harusi.

Shida nyingine ilipita barabarani. Akina mama wa Moding walikuwa sasa wanatembea saa mbili kuja kusaga Malaba, karai la mahindi kichwani, na njia yao ilipita mbele ya karakana. Kila Jumanne na Ijumaa. Nao walimsalimu. "Fundi, bado unatuhangaikia? Mungu akupe nguvu!" Alijifunza kuwa na kazi ya kuinama saa hizo.

Na Odeke akaanza kuja kumsaidia.

Alifika asubuhi moja na kikuza sauti kibovu begani. "Boss, nimesikia unatafuta takataka. Hii ilikuwa ya shemeji yangu, ilikuwa inaimba kama mbuzi."

"Odeke, huna kazi nyumbani?"

"Kazi gani? Ngoma wameninyang'anya, ufunguo wameninyang'anya. Nimebaki na bibi, na yeye anasema nimezidi kumkalia nyumbani." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Injini hii ikilia tena, boss, labda watanisikiliza. Wacha nishike hata tochi."

Akawa anakuja. Ni yeye aliyeona ni kwa nini fimbo inaganda. "Mkono wa mtu ni mzito," alisema. "Hiyo inataka kitu cha kuidona kama kuku anavyodona mtama." Wakavunja honi ya lori, wakatoa sumaku yake na kuifunga na springi: fimbo ikigusa, umeme wenyewe unaamsha sumaku, inaivuta juu, ikiachia, springi inairudisha. Ikawa inadona. Siku tupa kuukuu ilipopata tundu la duara, Odeke aliruka akapiga bati kwa viganja mdundo wa Jumapili, mpaka jirani akauliza kama ni sherehe.

Onyuka hakuruka. Alimtazama mtu yule akipiga bati kwa kuwa hana ngoma. Ilikuwa nafasi ya kusema. Akainama kuzima umeme.

Nyumbani, Roselida alikuwa akihesabu jambo lingine. Tangu Agosti, mumewe hakuwa akisogea mezani pa Bwana. Watu wakiinuka kushiriki, yeye hubaki kwenye benchi akiinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu.

"Baba Sharlyne, ni nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani linaloumwa Jumapili peke yake?"

Roselida hakurudia swali. Tangu siku ile, watu walipoinuka kushiriki, na yeye alibaki amekaa karibu naye. Jambo hilo lilimchoma mumewe kuliko maneno.

Mwezi wa Desemba walianza kuifanyia kazi injini yenyewe. Walizungushia tundu ukuta wa udongo wa mfinyanzi, wakajaza mafuta ya taa, Odeke akiwa na mkebe wa mafuta ya kuongezea. Ujanja wote ulikuwa cheche zisipate hewa. Siku ya pili ukuta ukavuja, mafuta yakashuka, moto ukapanda ghafla. Onyuka alirukia swichi. Odeke alitupa gunia lililoloa maji juu ya injini na kulikandamiza kwa mikono yake miwili mpaka moto ukafa. Alipoliinua, ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imebabuka kutoka kifundo mpaka kwenye vidole.

"Iko salama?" aliuliza, akitazama injini.

"Mkono wako, Odeke!"

"Mkono utapona. Nauliza tundu."

Onyuka alimpeleka kufungwa dawa, akalipa, akamrudisha kwao. Mke wa Odeke akamshukuru. Alirudi Malaba kwa miguu, hakutaka kupanda kitu.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Januari, akiwa peke yake, balbu zikipepesa vizuri, fimbo ilizama ghafla kama iliyokosa sakafu. Kiini cha tepu kilikuwa kimeliwa chote. Alizima, akanyonya mafuta kwa bomba la sindano, akachokoa kwa waya. Vikatoka vipande vinne vyembamba, kila kimoja na meno yake. Sehemu nyingine yote ilikuwa masizi meusi katika mafuta. Alimwaga mafuta yale nyuma ya karakana, na ardhi ikayanywa.

Vikabaki vile vipande vinne, vidogo kuliko punje za mahindi. Alivichukua akaenda navyo chooni. Alisimama juu ya shimo, kiganja wazi. Kugeuza kiganja tu, na pasingekuwa na shahidi duniani.

Baadaye alisema hakusikia sauti yoyote wala hakuona nuru. Alichoona ni mkono wa Mama Atyang. Alijua kabisa kwamba mashine ikilia, yule mama atanyosha mkono, kwa sababu yeye mwenyewe aliwazoeza hivyo. Atamtilia nini? Kwenye droo kulikuwa na vipande vya bolti vya kila namna, kimoja kingetosha. Alikuwa amekwisha kuutilia mkono ule kitu mara moja. Alifunga kiganja, akatoka, akavitia vile vipande vinne katika boksi la kiberiti.

Jumamosi akaipeleka injini Moding, akaifunga, bolti nzima mpaka chini. Chumba kilijaa watu. Odeke alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji, haruhusiwi kuingia. Ilipozungushwa mara ya tatu injini ililia, na unga wa kwanza ukashuka, mweupe, wa moto. Vigelegele vikapanda mpaka Onyuka akatamani viwe vya mtu mwingine. Akaizima injini. Watu wakashangaa.

Mama Atyang akanyosha mkono. "Haya, fundi. Cha zamani."

Akamtilia boksi la kiberiti. Mama akalifungua.

"Hivi si vya bolti. Vina meno. Ni nini hivi?"

"Ni tepu, mama. Ni yangu. Niliivunjia ndani siku ile ile ya kwanza, Julai, nyinyi mmekaa hapo juu ya magunia. Nikaona haya kusema. Nikakata bolti nikaibandika kwa gundi. Kisiki mlichookota ni kazi ya mkono wangu. Uliponiuliza pale Malaba nilisema uongo. Odeke hakuuza kitu. Hajawahi kuuza kitu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na karai kichwani alilishusha taratibu chini.

Mama Atyang hakumtukana. Alisema, "Tumepita mbele ya mlango wako miezi mitano, tukikuombea."

"Nilisikia, mama."

Odeke aliingia. Hakuna aliyemzuia. Alimkaribia Onyuka mpaka wakawa wanapumuliana.

"Ulinishikisha mkebe wa mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja kwako kila siku. Ukanishikisha mkebe wa mafuta, boss."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanitazama tu."

"Ndiyo."

Onyuka alingoja kofi. Alisema baadaye kwamba angelishukuru. Odeke alimpita, akaushika mpini wa injini kwa mkono wa kushoto uliokuwa mzima, akaizungusha. Ikakataa. Akaizungusha tena. Injini ikalia. Akawageukia akina mama, akapaza sauti juu ya kelele: "Leteni mahindi! Mnangoja nini?"

Onyuka akachukua sanduku lake akaondoka. Jumapili hiyo alisimama mbele ya kanisa lake Malaba akasema yote tena, na Roselida akasimama karibu naye ingawa hakuombwa.

Habari ya mashine ilienea, na wakati mwingine ilienea bila habari ya kosa. Madereva wakaja na bolti zao zilizovunjika kutoka pande zote za mpaka. Aliwahudumia wote, na kila aliyemsifu alimweleza. Wengine walicheka wakidhani ni maringo ya namna mpya. Maneno ya Jinja hayakusikika tena kinywani mwake.

Odeke alirudishiwa ufunguo Jumamosi ile ile. Ngoma aliikataa kwa mwaka mzima. Alisema mkono bado. Hakukanyaga karakana ya Malaba, na wakikutana njiani alijibu salamu na kupita. Onyuka alienda kwake mara mbili kuomba msamaha. Mara zote mbili alipewa kiti na chai, na wakazungumza juu ya mvua.

Halafu siku moja ya mwaka wa 1996, asubuhi, Odeke alitokea na kipande cha pampu ya dizeli ndani ya gunia. Bolti ilikuwa imevunjikia ndani. Alikiweka juu ya meza, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pale pale alipozoea kukaa. Onyuka akajenga ukuta wa udongo, akamwaga mafuta, akawasha. Balbu zikapepesa. Hapana aliyeshika mkebe. Onyuka aliongeza mafuta mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Ilichukua saa tatu, na kwa saa tatu hizo waliisikiliza ile sumaku ya honi ikidona.

Kazi ilipokwisha, Odeke aliichunguza pampu kwenye mwanga. Akaitia katika gunia. Kisha akanyosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, kiganja juu.

"Cha zamani," alisema.

Onyuka akavifuta vile vipande kimoja kimoja, akamtilia. Odeke akavigeuzageuza, akavihesabu, akavitazama kama vina meno ya tepu. Alipoona ni bolti kweli, akafunga kiganja akaenda zake.